Bustani Iliyopigiwa Hodi

Mwezi uliopita tulimzika Bwana Kimaro kwake Moshono, hapa Arusha, na kabla kaburi halijafukiwa nilikuwa nimeshakosana na watu wawili. Wa kwanza ni mpwa wake, kijana wa suti, aliyenifuata chini ya turubai akaniomba niseme maneno mawili juu ya marehemu, kwa vile niliwahi kuwa mfanyakazi wake, ila niseme mazuri tu. Wa pili ni aliyeandika wasifu wa marehemu uliosomwa pale, ambaye mpaka leo simjui, lakini aliandika kwamba marehemu ndiye aliyeibuni ile bustani ya Sokon. Nilisimama. Nikasema Bwana Kimaro alikuwa mchoraji hodari kuliko wote niliopata kuwaona, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kushika kalamu ya wino, na kwamba mkono wake haukutetemeka mpaka uzeeni. Yote hayo ni kweli. Kisha nikasema bustani ile hakuibuni yeye, na angekuwa na uwezo wa kusema pale angekuwa wa kwanza kukana, maana hakuipenda hata siku moja. Watu wakainamisha vichwa, wengine wakaguna. Mjane wake peke yake aliniangalia usoni, na nilipokwenda kumpa mkono wa pole akaniambia, "Ahsante, Zainabu. Ndivyo alivyokuwa." Wapo wanaosema mpaka leo kuwa sina adabu, na waendelee kusema.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala nani alinilea, maana hayo hayahusiki. Inatosha kujua kwamba nilikuwa mtoto wa mjini, wa nyumba ya Waislamu katika mitaa ya zamani ya Arusha, na kwamba Mlima Meru nilikuwa nauona kila asubuhi bila kujua watu wa ubavuni kwake wanaishi vipi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina stashahada yangu ya upangaji wa mandhari, na nilijiona nimemaliza elimu ya dunia. Bwana Kimaro alinichukua mwezi wa nane. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, meza tatu za kuchorea zikitazama dirisha, na chini yetu mchana kutwa watu walikuwa wakishusha nondo. Ukipiga mstari wakati nondo inadondoka, mstari unapinda, kwa hiyo tulijifunza kushika pumzi. Saa nne ililetwa chai ya maziwa kwenye chupa na chapati zilizofungwa kwenye gazeti, na hapo ndipo Bwana Kimaro alipozungumza. Alikuwa Mchaga wa Machame, mrefu, shati jeupe kila siku, na alipenda kunywa chai amesimama dirishani akitutajia makosa ya majengo ya watu wengine. Nilimwogopa na nilimpenda, vyote kwa pamoja. Kazi aliyonipa ya kwanza ilikuwa ile bustani.

Kiwanja chenyewe kilikuwa eneo la wazi huko Sokon, kama nusu ya uwanja wa mpira, kimejaa takataka, mbuzi na matope. Kamati iliyosimamia viwanja ilikuwa imekubali kitengenezwe bustani ya kupumzikia, lakini kwa sharti: mwezi wa saba wangekuja kukagua, na kama hakuna watu, kiwanja kingegeuzwa fremu za maduka. Bwana Kimaro hakuficha kwamba fremu alikuwa ameshazichora. Zilikuwa kwenye droo yake ya pili, ghorofa moja, za kupendeza kweli, nami nilipoziona nikasema moyoni, thubutu. Nilikuwa nimekulia kwenye nyumba ya vyumba sita na familia sita, ua mmoja, na nilijua mama yangu alivyokuwa akizunguka mji mzima na shangazi yangu wakitafuta mahali pa kuketi wazungumze bila kununua soda. Nilitaka mji huu uwe na mahali pamoja ambapo mtu anaketi kwa sababu tu amechoka. Hilo ndilo nililolipigania, na nasema wazi kwamba sikulipigania kwa upole.

Mchoro wa Bwana Kimaro ulikuwa na uzio wa nondo, geti moja, chemchemi katikati, maua, na kibao cha kukataza kukanyaga majani. Alisema bustani isiyo na uzio ni malisho. Nikamjibu kwamba bustani ya kufunguliwa kwa funguo ni sebule ya mtu, tena sebule ya kuangaliwa mlangoni. Akasema, haya, chora yako. Nilichukua miezi miwili. Sikukaa mezani, nilikwenda kukaa Sokon kwenye mvua na kwenye jua, nikitazama watu wanakimbilia wapi. Manyunyu yakianza wanajibana chini ya bati la duka, mabega yamelowa, na mwenye duka anawafukuza. Kwenye vumbi wanajipanga upande mmoja wa ukuta wenye kivuli, na kivuli kikihama nao wanahama. Kwa hiyo nilichora banda kubwa la bati lisilo na kuta, paa lishuke chini upande unakotokea upepo wa mlimani, viti vya saruji pande zote, majiko mawili ya kupikia ili mama lishe wawepo hata kwenye baridi ya Juni, bomba, vyoo, bembea, meza za drafti, na njia za changarawe zisizotuamisha maji. Niliiita bustani ya miezi kumi na miwili. Kamati ikachagua wangu, kwa sababu ya banda.

Siku hizi vijana wanaosomea kazi hii wananiletea michoro yao niitazame. Wanaitoa kwenye kompyuta, majani ya kijani kibichi, anga la bluu, na watu wasiojulikana wametoka wapi wakitembeza mbwa. Huwa nawauliza swali moja tu: mwezi wa saba hawa watakaa wapi? Wengine wanacheka. Mmoja aliniambia kwamba mwezi wa saba watu wanakaa nyumbani, na nilimfukuza ofisini kwangu, nikamwita tena baada ya nusu saa kwa sababu aliyasema maneno yale yale ya Bwana Kimaro na haikuwa haki kumwadhibu yeye kwa hasira zangu za zamani. Mtu anayesema watu wa Arusha hawatoki kwenye baridi hajawahi kukaa sita kwenye chumba kimoja. Hao ndio wanaotoka, na mahali wanapokwenda ni pa kuandaliwa kabla ya maua.

Baada ya kushindwa kwenye kamati Bwana Kimaro hakununa. Aliniambia tu kwamba bila uzio inabidi kuwe na kitu cha kuonyesha bustani inaishia wapi. Nikafikiri siku mbili, nikaja na masale. Kila mtu wa huku anayajua, majani marefu ya kijani, hayakauki kiangazi wala hayafi kwa baridi, unachomeka fimbo yake ardhini na inashika. Mimi nilijua jambo moja zaidi, kwamba kwa jirani zetu Wachaga mtu akimkosea mwenzake hubeba jani la sale kwenda kuomba msamaha, kwa hiyo nikaona ni mmea wa amani na nikajivuna kwa ujanja wangu. Nikachora mstari wa masale kuzunguka kiwanja chote, na kuacha nafasi tatu za kupitia. Bwana Kimaro aliuangalia mchoro muda mrefu. Akauliza, "Pande zote nne?" Nikasema pande zote nne. Akatabasamu, akatia saini, akanirudishia bila kusahihisha hata alama moja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilirudi kwangu nimefurahi mpaka nikashindwa kula.

Vibarua waliopanda walitoka juu, vijiji vya mlimani. Walipima kwa kamba, wakachomeka mche mmoja mmoja kimya kimya, kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona kwenye kazi ya vibarua, nami nikadhani wameipenda bustani yangu. Mvua za vuli zikayapokea. Mwezi wa kumi na mbili tukafungua, na bustani ikawa tupu. Siku ya kwanza nilisema watu hawajazoea. Wiki ya tatu nikasema ni sikukuu. Januari, Februari, watoto wa mtaani walicheza kwenye bembea kwa woga woga, wakiitwa wanakimbia. Akina mama wa ndizi na maparachichi, ambao nilikuwa nimewachorea kivuli kwa mikono yangu, walikaa ng'ambo ya barabara kwenye ukingo wa mtaro, juani, wameligeuzia migongo banda langu. Masika yakaja, wakakaa kwenye mvua, mifuko ya nailoni kichwani, huku viti ishirini na nne vikavu vikiwa mita thelathini kutoka walipo. Ofisini Bwana Kimaro akanywa chai yake dirishani. Siku moja nikamsikia akimwambia mgeni, bila kupunguza sauti, kwamba Waswahili wa mjini wanadhani watu wa huku wanataka bustani, kumbe watu wa huku wanataka maduka. Nikashika pumzi nikamaliza mstari wangu.

Ilikuwa mwezi wa tano, asubuhi ya ukungu na mvua, nimekaa bandani peke yangu nikila mihogo ya kuchemsha na kuichukia dunia. Mama mmoja wa makamo akavuka barabara na mkungu wa ndizi kichwani. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa Mmeru, aliteremka kutoka mlimani kila Jumanne na Ijumaa, na wenzake walimwita Mama Anaeli. Alikuja mpaka kwenye ile nafasi katikati ya masale, akasimama. Hapakuwa na mlango pale, wala kamba, wala kijiti. Akasema, "Hodi." Nikaangalia nyuma yangu nione anamwambia nani. Akangoja, akarudia mara ya pili, akangoja tena, na alipoona hakuna anayeitikia akageuka kurudi kwenye mvua. Nilitaka kucheka. Halafu kicheko kikanikwama, maana mwanamke yule hakuwa na mzaha hata kidogo, nami nikatupa mihogo nikamkimbilia.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kwa nini amepiga hodi kwenye bustani ya watu wote. Akaniangalia kama ninamjaribu. "Hapa ni kwa nani?" akauliza. Nikamwambia si kwa mtu. Akayaonyesha masale kwa kidevu, mstari mzima, kona mpaka kona, akasema, "Mwanangu, kama si kwa mtu, nani amepanda hayo?" Ndipo akanieleza, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokota maneno, jambo ambalo mtoto wa kwao analijua kabla hajaota meno ya pili. Sale likipandwa kwenye mstari ni mpaka. Ni neno la mwenye shamba, na aliyelipanda hata akifa linaendelea kusema. Mtu haruki, hapiti kando, halikati, na haling'oi kabisa, maana atakuwa ameiba ardhi na kujitafutia laana. Wao walipoona kiwanja kimezungushiwa pande zote nne walielewa kwamba tajiri fulani amekinunua, amejijengea banda lake, na siku moja atakuja. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia miezi yote hii. Akashangaa. "Mtu amepanda mpaka wake," akasema, "jirani amwambie nini?"

Nilipanda ngazi za ofisi nikiwa nimelowa. Bwana Kimaro wa Machame alikuwa anachonga penseli. Nilimuuliza mbele ya wenzangu wawili kama alijua. Hakujifanya hakuelewa, na kwa hilo namheshimu. Akasema alijua tangu nilipoweka mchoro mezani, kwao sale hilo hilo limesimama kati ya kihamba chao, shamba la ukoo, na cha jirani tangu enzi za babu yake. Nikamuuliza kwa nini basi alitia saini. Akapuliza vumbi la penseli, akasema, "Asiyejua maana haambiwi maana, binti." Nikamjibu kwamba nimeshaambiwa, tena na wenye maana yao, na kwamba kesho nayaondoa. Akasema hakuna kitakachoguswa. Kamati inakuja mwezi wa saba, ikaone bustani kama ilivyochorwa na kutiwa saini. Nikigusa mche mmoja sina kazi. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akarudi kwenye penseli.

Mpaka leo ninajiuliza kama alinichukia. Sidhani. Nadhani alikuwa na yakini, na mtu mwenye yakini anaweza kukutazama unaingia shimoni huku akiamini anakufundisha kutembea. Mimi nimekuwa bosi miaka mingi sasa na nimewaona vijana wangu wakichora makosa, na kila mara nimesema hapo hapo, hata kama nimechoka, hata kama kijana mwenyewe ana kiburi kama changu. Sijapata kuona somo lililofaa kulipiwa kwa watu wasiohusika kukaa mvuani. Lakini nami nisijitakase. Nilikaa kiwanjani miezi miwili nikihesabu nani anakimbilia wapi, na sikuthubutu kuvuka barabara kumuuliza mtu hata swali moja. Niliwatazama kama watu wanavyotazama ng'ombe. Kosa la masale lilikuwa langu kabla halijawa lake.

Vibarua walikataa kung'oa. Nilisema nitang'oa mwenyewe, na Mama Anaeli akanikataza kwa ukali kuliko Bwana Kimaro. Akasema mpaka unapandwa mbele ya watu wa pande zote, na ukitoka utoke mbele ya watu wa pande zote, na watu hao wale pamoja, wasije wakasema hawakuwepo. Basi nikazunguka, nyumba kwa nyumba, nikijitambulisha kuwa ndiye mjinga aliyepanda masale. Upande wa juu palikuwa na gereji, upande wa chini mafundi cherehani, mashariki nyumba za kupanga, magharibi barabara, na akina mama wakasema barabara ni yao. Tulipanga Jumamosi ya kwanza ya Juni. Ilikuwa baridi ya kukata masikio, manyunyu, mlima hauonekani. Mimi nilileta sufuria ya pilau kwa sababu ndicho nilichojua kupika. Akina mama walileta loshoro, yaani ndizi na mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando, kwenye ndoo mbili. Mama Anaeli alionja pilau yangu akasema ni nzuri, ila ina maneno mengi, na bandani wakacheka mpaka wakaegemeana. Kisha wakatoka nje kwenye mvua, mmoja kutoka kila upande, fundi gereji, fundi cherehani, mpangaji mmoja mwenye mtoto mgongoni, na yeye. Mzee wa gereji aliuliza kwa sauti kama kuna anayedai ardhi hii. Kimya. Akauliza tena. Nikahisi nalia, nikaacha nilie. Wakashika mche wa kwanza wote wanne kwa pamoja wakauvuta. Hiyo mingine tuliing'oa mchana kutwa, mimi nikiwa kati yao, matope mpaka magotini, na hakuna uliotupwa. Akina mama waliifunga mafungu wakaibeba kwenda kuipanda kwao, kwenye mipaka ya kweli.

Wiki ile ile banda likajaa. Sikuleta mtu kwa kumshika mkono. Mama lishe wawili walichukua majiko, harufu ya maharage ikawavuta mafundi, mafundi wakaleta drafti, na wanafunzi wa jioni wakaja kusomea kwenye taa. Kamati ilipofika mwezi wa saba kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni, na Bwana Kimaro alikuja nao na ule mchoro wa fremu umekunjwa kwapani. Walisimama nje ya banda wakinyeshewa, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Mwenyekiti wao akaomba kupita, akaambiwa asubiri mtu mmoja anyanyuke. Akasubiri. Alipopata kiti akaletewa chai, akainywa yote, akamuuliza Bwana Kimaro hiyo karatasi ya kwapani ni ya nini. Bwana Kimaro akasema si kitu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, sikushusha macho.

Barua niliikuta mezani kesho yake asubuhi, imepigwa chapa vizuri, kwa kuvunja amri ya ofisi. Alikuwa amesubiri ukaguzi upite. Sikubembeleza. Nilichukua rula yangu na kalamu zangu tatu nikateremka ngazi katikati ya nondo, nikaenda Sokon kwa miguu. Ilikuwa Ijumaa, inanyesha. Nilibanana kwenye kiti kati ya Mama Anaeli na mwanafunzi mmoja, nikaisoma barua mara ya pili. Mama Anaeli hakujua kusoma. Akauliza inasemaje.

"Nimefukuzwa kazi."

"Na hapa?"

"Hapa hawajengi kitu."

Akachota loshoro kwenye ndoo yake, akaniwekea bakuli mapajani, juu ya barua. "Basi kula," akasema.